Zamu ya Jumba la Mtaani

Hadithi inayosimuliwa mara nyingi kuhusu kufa kwa majumba ya sinema ya mitaani ni fupi mno: runinga iliingia sebuleni, watu wakabaki nyumbani, milango ikafungwa. Takwimu zinaonekana kuiunga mkono. Nchini Uingereza, ambako hesabu za tiketi zimetunzwa vizuri kwa miongo mingi, ziliuzwa tiketi zaidi ya bilioni 1.6 mwaka 1946, na mwaka 1984 zikauzwa milioni 54 tu. Anayezitazama namba hizo mbili bila kuuliza kilichotokea katikati anaweza kuridhika na jibu la runinga. Mimi siridhiki. Nayapenda majumba haya na nimeifuatilia historia yake kwa muda mrefu, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoamini kwamba jumba la mtaani lilikuwa na ugonjwa wake wenyewe, tofauti na uliowapata wakubwa wa katikati ya jiji. Liliishi kwa kungoja zamu yake ya kuonyesha filamu, na siku utaratibu wa zamu ulipovunjwa halikuwa tena na sababu ya kibiashara ya kuwepo, hata pale ambapo wapenzi wa filamu walikuwa bado wengi.

Mwanzoni hapakuwa na jumba kabisa. Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu Auguste na Louis Lumière walipoonyesha filamu zao fupi mbele ya watazamaji waliolipa, walitumia chumba cha chini cha mkahawa mmoja wa Paris. Kwa miaka kumi iliyofuata filamu zilisafiri na waonyeshaji wa kuhamahama: kwenye mahema ya maonyesho, kwenye kumbi za muziki, kwenye majengo ya kukodi kwa usiku mmoja. Mwaka 1905, Harry Davis na John P. Harris walifungua Pittsburgh, Marekani, chumba kidogo cha filamu ambacho kiingilio chake kilikuwa senti tano. Walikuwa wametanguliwa na wengine, lakini mfano wao ndio ulioigwa. Ndani ya miaka michache tu maelfu ya maduka yaliyokuwa matupu kwenye mitaa ya wafanyakazi na wahamiaji yalipangwa viti, yakatundikwa kitambaa cheupe, na kuanza kuonyesha filamu kuanzia asubuhi hadi usiku.

Kilichoyageuza maduka hayo kuwa majumba halisi kilikuwa, kwa kiasi kikubwa, hofu ya moto. Filamu za wakati huo zilitengenezwa kwa nitrati, kitu kinachowaka kwa kasi ya kutisha na kisichozimika kirahisi, na mwaka 1897 moto ulioanzia kwenye chumba cha filamu ndani ya soko la hisani jijini Paris uliwaua zaidi ya watu 120. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1909 iliyowapa wakuu wa maeneo mamlaka ya kutoa leseni, na kanuni zake zikadai mashine ikae ndani ya chumba kisichoshika moto, kilichotengwa na watazamaji. Sharti hilo moja lilimaanisha kwamba chumba cha duka hakikutosha tena. Ilimbidi mtu ajenge. Ndiyo maana majumba mengi ya kale yaliyosimama Uingereza hadi leo yana tarehe za miaka ile ya 1910 hadi 1914, na nadhani ni haki kusema kwamba sheria ya usalama ndiyo iliyoupa mtaa jengo lake la kwanza la burudani lililojengwa kwa ajili hiyo tu.

Sasa tufike kwenye zamu, ambayo ndiyo kiini cha mambo yote.

Nakala ya filamu ilikuwa kitu ghali na kizito. Studio haikuchapisha nakala za kutosha kila jumba nchini. Ilichapisha chache, na hizo chache zikazunguka. Filamu mpya ilianzia kwenye majumba makubwa ya katikati ya jiji, yale yenye mazulia, okestra na maelfu ya viti, kama lile la Roxy lililofunguliwa New York mwaka 1927 likiwa na viti karibu 6,000. Hapo kiingilio kilikuwa cha juu. Ilipomaliza huko, filamu ilipumzishwa kwa siku au wiki zilizoandikwa ndani ya mkataba, ili mtu asiseme kwamba atasubiri kidogo tu aione kwa bei nafuu. Kisha ilishuka kwenye majumba ya zamu ya pili, ikapumzishwa tena, ikashuka ya tatu, na katika miji mikubwa iliendelea kushuka hivyo hadi ikafika kwenye jumba dogo la mtaani, ikiwa na mikwaruzo, imeungwa mahali ilipokatika, na wakati mwingine imepungukiwa na sekunde kadhaa za maneno. Kila hatua ya kushuka ilipunguza bei ya tiketi.

Utaratibu huo ulikuwa wa dhuluma kwa namna nyingi. Studio tano kubwa za Marekani, yaani Paramount, Loew's iliyomiliki MGM, Warner, Fox na RKO, zilitengeneza filamu, zikazisambaza, na zikamiliki majumba. Hazikuhitaji kumiliki majumba yote. Kesi iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani ilionyesha kwamba zilikuwa na hisa katika asilimia 17 hivi tu ya majumba ya nchi nzima, lakini katika miji yenye watu zaidi ya 100,000 angalau asilimia 70 ya majumba ya zamu ya kwanza yalikuwa na uhusiano nazo. Mwenye jumba huru la mtaani alilazimishwa pia kununua filamu kwa mafungu: akitaka moja yenye nyota maarufu, achukue na nyingine nyingi ambazo hajaziona, na pengine hazijatengenezwa. Kwa hiyo sisemi kwamba zama hizo zilikuwa za haki. Katika majimbo ya kusini ya Marekani, zaidi ya hayo, mtazamaji Mweusi alipitia mlango wa pembeni na kupanda roshani ya juu, au alizuiwa kabisa. Anayezungumzia majumba hayo kama mahali palipowaunganisha watu wote hana budi kulitaja hilo.

Hata hivyo, kukaa mwisho wa foleni kulilipa jumba la mtaani kitu ambacho wakubwa hawakuwa nacho. Kwa kuwa filamu ilikuwa imekwisha kuonyeshwa kwingine, ilikuja na sifa zake. Watu wa mtaa walikuwa wamesikia habari zake kwa wiki nzima au miezi. Kwa kuwa ilikodiwa kwa bei ndogo, jumba liliweza kubadilisha programu mara mbili au tatu kwa wiki, na mtu mmoja akaja mara hizo zote. Jumba la katikati ya jiji liliwavuta watu wa jiji zima kwa filamu moja. La mtaani liliwavuta watu wale wale, kwa filamu tofauti. Biashara hizi mbili zinafanana kwa nje tu, na wengi wanaoandika juu ya sinema huzichanganya.

Mazoea ya watazamaji yaliendana na hali hiyo. Katika nchi nyingi maonyesho yalikwenda mfululizo bila kusafisha ukumbi: filamu kuu, habari za wiki, katuni, filamu ya pili, kisha filamu kuu tena. Mtu aliingia alipopata nafasi, hata katikati ya kisa, akaangalia mwisho kabla ya mwanzo, akakaa mpaka picha ikafika pale alipoikuta, akanyanyuka. Leo hilo linaonekana kama kuiharibu filamu, lakini linaeleza vizuri jinsi watu walivyolichukulia jumba lao. Walikwenda sinema, na filamu iliyokuwapo waliijua wakishaketi. Watoto walikuwa na maonyesho yao ya Jumamosi, yenye visa vya mfululizo vilivyokatizwa kila wiki shujaa akiwa karibu kufa. Wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, miaka ya 1930, wenye majumba ya Marekani walitenga usiku maalumu wa kugawa vyombo vya mezani, sahani wiki hii na kikombe wiki ijayo, ili familia iliyotaka seti kamili isikose kuja. Bisi, ambazo majumba ya kifahari yalikuwa yamezikataa kwa kuchafua mazulia, ziliruhusiwa katika miaka hiyo hiyo, na tangu hapo faida kubwa ya mwenye jumba imetoka kwenye kaunta ya vitafunio kuliko kwenye dirisha la tiketi, kwa kuwa pesa ya tiketi hugawanywa na msambazaji na pesa ya bisi haigawanywi na mtu.

Juu ya vichwa vya watu wote hao, nyuma ya ukuta usioshika moto, alikuwa mtu ambaye nafikiri historia imemsahau kuliko wote. Mwendesha projekta alikuwa na mashine mbili, kwa sababu gurudumu moja la filamu lilidumu dakika 20 kwa kiwango cha juu na filamu ndefu ilikuwa na magurudumu matano, sita au zaidi. Mwanga ulitoka kwenye cheche kali kati ya vijiti viwili vya kaboni, ambavyo viliendelea kulika na kulazimu kusogezwa kila mara ili picha isififie. Gurudumu lilipokaribia kwisha, alama ndogo ya duara ilionekana kwa kitambo kifupi kwenye pembe ya juu ya kulia ya picha. Hapo aliwasha mota ya mashine ya pili. Sekunde saba hivi baadaye ilionekana alama nyingine, naye akabadilisha. Akifanya vizuri, hakuna aliyejua kwamba yupo. Akichelewa, ukumbi mzima uliona kiwambo cheupe na kupiga mbinja. Kazi hiyo ilifanyika mara kadhaa katika kila onyesho, kwa joto la chumba kilichofungwa, pembeni ya nitrati, mpaka filamu salama, isiyowaka kirahisi, ilipochukua nafasi ya nitrati mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Pigo la kwanza kwa majumba madogo lilitangulia runinga, na lilikuwa sauti. Baada ya Warner kutoa mwaka 1927 filamu iliyokuwa na nyimbo na mazungumzo yaliyolingana na picha, kila mwenye jumba alipaswa kununua vifaa vya sauti au kuonyesha mabaki. Wapiga piano na ogani walifukuzwa kazi ndani ya miaka miwili mitatu. Jumba kubwa lilikopa; dogo, mara nyingi, lilifunga au likauzwa. Mtindo huo ungekuja kujirudia: teknolojia mpya inafika, gharama yake ni ile ile kwa ukumbi wa viti 300 na wa viti 3,000, na mwenye viti 300 anabaki kupiga hesabu zisizokubali.

La pili lilikuja kwa sura ya ushindi. Mei 1948, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua dhidi ya studio katika kesi ya Paramount, ikapiga marufuku ununuzi wa mafungu na kufungua njia ya kuzitenganisha studio na majumba yao. Wenye majumba huru walikuwa wamelipigania hilo kwa miaka. Lakini studio isiyo na majumba ya kujaza haina haja ya kutengeneza filamu nyingi. Zilianza kutengeneza chache zenye gharama kubwa, na kuziuza kwa masharti magumu zaidi. Jumba la katikati ya jiji liliweza kuishi na filamu moja kwa wiki nane. La mtaani, lililozoea kubadilisha mara tatu kwa wiki, lilianza kukosa cha kuonyesha. Naona uamuzi ule ulikuwa wa haki, na ningeuunga mkono hata leo. Lakini ulikata tawi ambalo jumba dogo lilikuwa limekalia pamoja na lile kubwa.

Runinga ilikuta hali hiyo. Sikatai nguvu yake: Uingereza ilipopata idhaa ya pili ya runinga, ya kibiashara, mwezi Septemba 1955, tiketi za mwaka huo zilikuwa karibu bilioni 1.2, na kufikia mwaka 1960 zilikuwa milioni 500. Aliyepotea kwanza ni mtazamaji wa mazoea, yule aliyekwenda bila kuuliza kuna nini leo, na huyo alikuwa wa jumba la mtaani. Aliyetaka kuona filamu fulani kubwa bado alipanda basi kwenda mjini. Baada ya sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 1960, kumbi nyingi za Uingereza ziligeuzwa kuwa za bingo. Kwingine ziligeuzwa makanisa, maghala na maduka ya samani. Nchini Marekani familia zilihamia vitongoji vipya vinavyohitaji gari, na mwaka 1963 Stanley Durwood alifungua Kansas City jumba la kumbi mbili ndani ya kituo cha maduka, chumba kimoja cha projekta kikihudumia zote mbili. Kumbi mbili zikawa sita, zikawa kumi, na mwendesha projekta mmoja akatosha kuziendesha zote.

Lakini mwaka ambao ningeuandika kwenye kaburi la jumba la mtaani ni 1975. Majira ya joto ya mwaka huo, studio ya Universal ilitoa filamu ya Jaws katika kumbi zaidi ya 400 kwa siku moja, ikiwa imetangulizwa na matangazo mengi kwenye runinga ya taifa. Haikuwa ya kwanza kufanya hivyo, ila mafanikio yake yaliwashawishi wote. Tangazo la runinga linafika kila nyumba usiku mmoja, na linapoteza thamani ikiwa filamu itafika mtaani kwako baada ya miezi minne. Tangu hapo studio zilichapisha nakala nyingi zaidi mwaka hadi mwaka, zikatoa filamu kila mahali kwa wakati mmoja, zikavuna katika wiki mbili za kwanza. Zamu zilifupishwa hadi zikafutika. Kisha mashine za kanda za video, Betamax mwaka 1975 na VHS mwaka 1976, zikaingia mahali pale pale palipokuwa pa jumba la mtaani: filamu ya bei nafuu, iliyokwisha kusifiwa, inayopatikana karibu na nyumbani, kwa anayekubali kungoja. Ninapofikiria jambo hili, huona kwamba duka la kukodi kanda lilikuwa mrithi halali wa jumba la mtaani kuliko jumba la kumbi kumi lililojengwa kando ya barabara kuu.

India inanipa ushahidi wenye nguvu zaidi kwamba mapenzi ya filamu hayakuwa tatizo. Hakuna nchi inayotengeneza filamu nyingi kuliko hiyo, na majumba yake ya kiwambo kimoja yaliwakalisha watu wa kila hali, kuanzia viti vya mbele vya bei ya chini kabisa hadi roshani. Mwaka 1997 lilifunguliwa Delhi jumba la kwanza la kumbi nyingi, na majimbo kadhaa yakawapa wajenzi wa majumba ya aina hiyo nafuu ya kodi ya burudani kwa miaka ya mwanzo, nafuu ambayo mwenye kiwambo kimoja hakuipata. Majumba ya zamani yalifungwa kwa wingi huku watu wakiendelea kupenda filamu vile vile.

Ufaransa inaonyesha upande wa pili. Tangu sheria ya mwaka 1948, sehemu ya bei ya kila tiketi, ambayo sasa ni asilimia 10.72, inakusanywa na kurudishwa kwenye tasnia, ikiwemo ukarabati wa kumbi ndogo na ununuzi wa vifaa. Halmashauri nyingi za miji midogo zinamiliki ukumbi kama zinavyomiliki maktaba. Na muhimu kuliko yote kwa hoja yangu, nchi hiyo imelinda kungoja kwa kanuni: filamu iliyotolewa kwenye kumbi kwa kawaida haiuzwi wala kukodishwa kwa kutazamwa nyumbani hadi ipite miezi minne, na huduma za kulipia kwa mwezi husubiri zaidi ya hapo. Tiketi zilishuka huko pia, hadi milioni 116 mwaka 1992, lakini zilipanda tena zikafika milioni 213 mwaka 2019. Marekani ilikwenda kinyume: Julai 2020, kumbi zikiwa zimefungwa kwa janga la korona, Universal na AMC, kampuni ya majumba ya sinema, zilikubaliana kwamba filamu ingeweza kuuzwa kwa watu wa nyumbani baada ya siku 17.

Kabla ya janga hilo kulikuwa na mabadiliko ya kidijitali, ambayo nayapitia upesi kwa sababu yalirudia kisa cha sauti. Projekta mpya iligharimu makumi ya maelfu ya dola kwa kila ukumbi, wasambazaji wakaacha kutuma mikanda ya milimita 35, na mpango wa studio wa kuchangia gharama ulihesabiwa kwa filamu mpya zilizoonyeshwa, kwa hiyo uliwanufaisha waliokuwa nazo nyingi. Linaloniumiza ni kwamba wakati huo nakala ilikuwa imeacha kuwa ghali. Faili linanakiliwa kwa gharama ndogo sana. Ile sababu ya kale ya kuliweka jumba la mtaani mwisho wa foleni ilikuwa imekwisha, na lingeweza hatimaye kupewa filamu siku ile ile wanayopewa wakubwa.

Wakati mwingine hupewa, na hapo hugundua sharti jipya. Msambazaji mkubwa anayetoa filamu inayotarajiwa sana hudai mara nyingi ionyeshwe kwa wiki kadhaa mfululizo, katika maonyesho yote, bila kuchanganywa na nyingine. Mwenye kumbi kumi huihamisha kutoka ukumbi mkubwa hadi mdogo na kuendelea na mengine. Mwenye ukumbi mmoja hana pa kuihamishia. Watu wa mtaa wake huimaliza katika siku chache za kwanza, na yeye hubaki na viti vitupu, umeme na mishahara hadi mkataba uishe, huku filamu tano ambazo wangekuja kuziona zikionyeshwa mahali pengine. Hyde Park Picture House ya Leeds, iliyofunguliwa mwaka 1914 na inayotunzwa chini ya halmashauri ya jiji, iliongeza ukumbi wa pili mdogo chini ya ule wa zamani ilipofanyiwa ukarabati na kufunguliwa tena mwaka 2023. Nadhani chumba hicho cha pili kina faida kwa maisha yake kuliko rangi zote zilizopakwa upya. Kamati za wananchi zinazochangisha fedha za paa na viti zinafanya kazi ya maana, nami huchangia ninapoweza, lakini ningependa ziwe na mtu mmoja mezani anayesoma mkataba wa msambazaji kwanza, anayeuliza filamu itakaa wiki ngapi, na aliye tayari kuikataa.